Mweusi, Lakini Mzuri

Kwenye gazeti nilikoanzia kazi, mpangaji wa kurasa alikuwa na msemo wake mmoja: "Mpe nuru." Picha ya mwanamke ikifika mezani kwake kwa ajili ya ukurasa wa mbele wa toleo la wikiendi, hata kabla hajauliza huyu ni nani, mkono ulishaanza kuongeza mwanga. Waziri mwanamume aliachwa na weusi wake. Mchezaji mpira aliachwa na jasho lake. Ila mwigizaji wa kike, bibi harusi, mwimbaji wa taarabu, wote walipewa nuru. Siku moja nikamuuliza kwa nini. Hakukasirika. Akasema karatasi ya gazeti inakunywa wino, picha ya mtu mweusi ikichapwa inatoka kama kivuli. Nikamuuliza mbona ya waziri haitoki kama kivuli. Akacheka. "Dada, waziri hauzi gazeti."

Kwa miaka nimekuwa nikilitafakari jibu lile, kwa sababu nusu yake ni kweli. Karatasi ya gazeti inakunywa wino, yeyote aliyefanya kazi ya magazeti anajua. Na hoja za namna hii, zenye ukweli wa kiufundi mbele na kitu kingine nyuma yake, ndizo zinazodumu. Baadaye nilimhoji mwongozaji wa video za muziki kuhusu wasichana wanaocheza kwenye video za Bongo Fleva, wale tunaowaita vidio kwini. Nikamuuliza kwa nini karibu wote ni weupe au wamekuwa weupe. Naye akaniletea ufundi uleule: msichana mweusi anapotea kwenye taa za usiku, hasa akiwa pembeni ya gari jeupe. Alisema bila kinyongo chochote, kama fundi bomba anavyokueleza kwamba maji hayapandi mlima. Msanii mwenyewe aliyeimba wimbo ule alikuwa mweusi tii, na kwenye video hakupotea hata sekunde moja.

Ufundi wenyewe una historia. Miaka mingi ya karne iliyopita, maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa picha hiyo. Ngozi ya Shirley ikionekana vizuri, basi mashine iko sawa. Wewe na mimi ukituweka mbele ya filamu ile tulitoka macho na meno. Na kilichochangia kuibadilisha hakikuwa malalamiko ya watu weusi tu. Kulikuwa na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliosema bidhaa zao hazitofautiki kwenye picha za matangazo. Filamu mpya ilipotoka, ilisifiwa kwamba inaweza kumpiga picha farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Farasi, jamani.

Kwa hiyo mtu akiniambia kamera haina ubaguzi, inaonyesha kilichopo tu, huwa namkumbuka huyo farasi.

Lakini sitaki kuwatwisha Kodak na wapangaji kurasa mzigo wote. Sisi wenyewe tuna neno letu, dogo, halina hata hatia usoni: "lakini". Mweusi lakini mzuri. Ni mweusi ila ana sura. Mweusi, lakini ukimwangalia vizuri utaona. Nimelisikia kwenye vikao vya harusi, kwenye daladala, na kwa shangazi zangu wanaonipenda. Hakuna anayesema "mweupe lakini mzuri". Mweupe akiwa mbaya ndiyo linaingia, "mweupe lakini hana sura", na hapo utasikia mshangao kama wa mtu aliyelipia kitu akapewa pungufu. Kiunganishi kile kimefanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya barabara ya Morogoro. Halafu ajabu ni kwamba lugha hiihii ina maneno ya kuusifia weusi: cheusi mangala, cheusi dawa, mweusi wa kung'aa. Bibi zetu waliyatamka mdomo ukiwa umejaa. Siku hizi ukiyasikia, mara nyingi ni mtu anakuliwaza.

Nimeyafikiria haya kwa sababu ya dada yangu.

Dada alinitangulia kwa miaka minne, na alikuwa na rangi ya mama yetu, ile nyeusi iliyoiva isiyo na doa. Alimaliza chuo akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini. Tangazo la kazi lilitaka Kiingereza, kompyuta, na "mwonekano wa kuvutia". (Kuna siku nitaandika juu ya hayo maneno matatu peke yake. Yanakaa kwenye tangazo la kazi kana kwamba ni cheti unachoambatanisha.) Mwezi wa pili msimamizi wake, mwanamke, akamwambia ajipende kidogo. Ndivyo alivyosema: "Jipende, mdogo wangu, upo mbele ya wageni." Wasichana wenzake wa mapokezi wakamwelekeza duka la vipodozi Kariakoo, na mama muuzaji akamchanganyia mkorogo wake.

Kwa asiyejua, mkorogo ni mchanganyiko. Unachukua losheni, unaongeza krimu hii na ile, wakati mwingine na tyubu ya dawa iliyotakiwa kuandikwa na daktari, unakoroga kwenye kopo, unapaka usiku. Kila muuzaji ana fomyula yake na kila fomyula ina wateja wa kuitolea ushuhuda. Ndani yake mara nyingi huwa kuna moja au zaidi ya vitu vitatu. Hidrokwinoni inaizuia ngozi kutengeneza rangi, na ikitumika muda mrefu inaweza kuigeuka ikaacha mabaka ya weusi wa bluu yasiyotoka. Zebaki nayo inazuia rangi, ila inaingia mwilini na kudhuru figo. Na kuna steroidi kali, kama klobetasoli, zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba. Ngozi ikishazoea steroidi, ukiacha ghafla inawaka moto, inatoa vipele, inavimba. Basi mtu anarudi kwenye kopo apate nafuu, na muuzaji anapata mteja wa kudumu.

Mwaka wa kwanza dada alipendeza. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema, na kwa sababu makala nyingi za kukemea mkorogo huruka hapa. Zinaenda moja kwa moja kwenye makovu, kana kwamba wanawake ni wajinga wanaopaka sumu bila kupata chochote. Alipata. Alipandishwa cheo. Alichumbiwa. Kwenye kitchen party yake mshehereshaji alimsifia rangi mbele ya ukumbi mzima, ukumbi ukapiga vigelegele, na mama, mwenye rangi ileile ambayo mwanawe aliikimbia, akapiga vigelegele kuliko wote. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Sikujua niangalie wapi.

Kabla ya harusi alipigwa singo, kama wanavyofanyiwa maharusi wa pwani. Liwa, karafuu, maua, mikono ya mama na shangazi inakusugua huku wanakuimbia na kukufundisha mambo. Singo niliyoijua utotoni ilikuwa ya kukulainisha na kukufanya unukie. Siku hizi saluni nyingine zinauza singo "ya kung'arisha", na somo amegeuka mhudumu mwenye bei ukutani. Hapo ndipo biashara ilipocheza akili. Haikufuta mila, iliingia ndani yake ikakaa kwenye kiti cha bibi.

Miaka saba baadaye, alipojifungua kwa upasuaji, mshono wake ulikataa kufunga. Muuguzi alimuuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, anapaka nini. Kufikia hapo mashavu yalikuwa na mabaka, vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kama vimeungua, na ule mzaha wa mtaani wa Fanta usoni na Coca-Cola miguuni ulikuwa umemfika kwa masikio yake mwenyewe. Mtu mmoja, sawa. Ila fikiria jinsi mji ulivyo: uleule uliomsifu kwa kuwa mweupe ndio uliomcheka kwa namna alivyoupata weupe. Mwanamke anatakiwa awe mweupe na pia asiwe amejichubua. Vyote viwili. Atajua mwenyewe.

Mambo haya si ya jana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kuanzia siku ya kwanza ya mwaka 1969. Sababu ilikuwa utamaduni wa taifa. Kwa mara ya kwanza nilipoisoma habari hiyo, mwanafunzi wa mwaka wa pili, moyo uliruka: kumbe kulikuwa na watu walioona! Halafu nikaendelea kusoma. Hata kabla tarehe ya marufuku haijafika, vijana wa kiume waliwavamia wanawake mitaani Dar es Salaam, Kariakoo ikiwemo, wakawachania nguo. Wasomaji wakaandika barua nyingi magazetini, za kuunga mkono na za kupinga, na baadhi waliuliza swali ambalo hata leo lina maana: kwa nini utamaduni wa taifa unalindwa kwenye mapaja ya wanawake, wakati suti ya Ulaya ya mwanamume haimsumbui mtu? Krimu zilikuwa kosa, lakini aliyeshitakiwa ni aliyepaka. Mtangazaji na muuzaji hawakuchaniwa nguo.

Marufuku za baadaye zilijaribu kumgeukia muuzaji. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliipa TFDA kazi ya kusimamia vipodozi, na tangu 2019 kazi hiyo iko TBS. Tumezoea kuona habari za makontena yaliyokamatwa na moshi wa vipodozi vikiteketezwa. Nimewahi kuziandika habari hizo mwenyewe. Rwanda nayo, mwishoni mwa 2018, ilipeleka polisi madukani baada ya Rais Kagame kusema mtandaoni kwamba jambo hilo lishughulikiwe haraka. Kimataifa, Mkataba wa Minamata wa 2013 umeizuia zebaki kwenye vipodozi. Yote ni mema. Ila sheria inashika kopo. Haiwezi kushika sifa ile ya ukumbini.

Na matangazo ni mepesi kuliko sheria. Neno likiharamika, wanabadilisha neno. Chukua Fair & Lovely, krimu iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 na kampuni ya familia ya Unilever. Matangazo yake kwa miaka na miaka yalikuwa hadithi moja: msichana mweusi hana kazi, hana mchumba, anapaka, anapata vyote. (Ndiyo, ni hadithi ya dada yangu ile, ikiwa imekatwa kabla ya wodi.) Mwaka 2020, baada ya kifo cha George Floyd na maandamano yaliyofuata, ikabadilishwa jina kuwa Glow & Lovely. "Weupe" ukawa "mng'ao". Na ni Unilever hiyohiyo inayomiliki Dove, ambayo tangu 2004 imekuwa ikiwaambia wanawake kwamba uzuri wao halisi unatosha. Mkono mmoja unakuumiza, mwingine unakupa kitambaa ujifute machozi, na vitambaa vinauzwa. Mwaka 2017 Nivea walijikuta matatani Afrika Magharibi kwa tangazo la losheni iliyoahidi ngozi nyeupe zaidi, likiwa na mrembo wa Nigeria anayebadilika rangi anavyojipaka. Kosa lao, nadhani, lilikuwa kulisema waziwazi. Hapa kwetu redio na makopo wamejifunza: ngozi nyororo, ngozi ng'avu, ondoa madoa, rudisha rangi yako ya asili. Rangi ya asili! Sikiliza tangazo lenye hayo maneno, halafu angalia sura iliyobandikwa kwenye kopo.

Watu wakitaka kuonyesha kwamba mambo yamebadilika, humtaja Lupita Nyong'o. Nami namtaja, kwa sababu ile hotuba yake ya Februari 2014, mbele ya wanawake weusi wa Hollywood, niliitazama nikiwa kazini na ikabidi nitoke nje. Alieleza alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke mweupe, na alivyomwona Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, na kitu kikafunguka. Alisoma pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua kabla hajamwona Lupita. Mtoto aliyekulia Nairobi. Mwaka huohuo akawa sura ya Lancôme. Basi, tukasema, yamekwisha. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza likamweka jaladani na kumfutia nywele zake, zile alizozifunga kwa nyuma, zikalainishwa na kukatwa kwa kompyuta. Ana Oscar nyumbani, na bado mtu alikaa mbele ya skrini akaona nywele za kipilipili ni uchafu kwenye picha.

Mimi mfano wangu ninaoupenda ni wa nyumbani zaidi. Mwaka 2007 Flaviana Matata alishinda Miss Universe Tanzania, akaenda Mexico City na kichwa alichonyoa, akaingia kumi bora ya dunia. Msichana mweusi, kipara, bila wigi, bila rasta. Nchi ambayo iliwahi kuyazima mashindano ya urembo kwa miaka mingi, yakarudi 1994, sasa ilikuwa na sura ambayo haikufanana na kadi ya Shirley hata kwa mbali. Nilikuwa shuleni bado. Dada alikuja nyumbani na gazeti lenye picha yake, tukaligombania. Wiki ile wasichana wawili darasani kwetu walinyoa. Sisemi picha moja iliokoa kizazi, la. Dada huyohuyo aliyelileta gazeti ndiye aliyeenda Kariakoo miaka michache baadaye. Lakini nakumbuka zile siku chache tulivyokuwa tunajiangalia kwenye kioo, tukivuta nywele nyuma ili tuone umbo la vichwa vyetu.

Sasa hivi bango lenyewe limehamia mfukoni. Simu nyingi zinazouzwa kwetu kwa bei ya kawaida zina kitufe cha urembo kwenye kamera, na nyingine zinakuja nacho kimeshawashwa. Unajipiga picha, kabla hujaomba chochote umeshalainishwa, pua imepunguzwa, umepewa mwanga. Zamani tangazo lilikuonyesha mwanamke mwingine, ukajilinganisha naye. Leo unajilinganisha na wewe mwenyewe wa kwenye simu, ambaye hujawahi kuwa. Kuna na habari ya makalio, vidonge na sindano za "Mchina", ambayo ina mambo yake na mateso yake. Nitaigusa kwa sentensi moja tu: ni kichekesho kichungu kwamba ngozi inatakiwa ifanane na Ulaya na makalio yafanane na Afrika, kwenye mwili mmoja, kwa mshahara uleule.

Mwandishi mwenzangu, mwanamume, aliwahi kuniambia kwamba nakuza mambo, kwamba kila jamii ina vigezo vya uzuri na wanawake wamejipamba tangu dunia iumbwe. Ni kweli. Bibi yangu alichanjwa, alitoga masikio hadi ncha za juu, alipaka hina hadi kwenye nyayo. Nilimuuliza huyo mwenzangu swali moja: katika mapambo yote ya bibi zetu, ni lipi lililohitaji mtu asiwe yeye ili lifanye kazi? Hina inapendeza zaidi kwenye mkono wako, na wanja unapendeza kwenye jicho lako. Krimu inafanya kazi pale tu wewe unapoondoka. Akanyamaza, kisha akasema kwa vyovyote mke wake hapaki. Mke wake namfahamu. Sikusema kitu.

Dada aliacha mwaka juzi. Daktari wa ngozi alimshusha polepole, krimu nyepesi, kisha nyepesi zaidi, kofia ya jua, miezi na miezi. Rangi imeanza kurudi lakini hairudi sawa. Inarudi vipandevipande, kama ramani. Kinachomuumiza zaidi ni watu. "Mbona umefubaa?" wanamuuliza misibani, sokoni, hata kanisani. Kufubaa ni neno la nguo na la rangi ya ukuta. Anarudi kwenye rangi aliyozaliwa nayo na wanamwona kama aliyeugua, au aliyeachwa na mume. Mara mbili ameniambia anafikiria kurudia, kidogo tu, kwa ajili ya sherehe fulani.

Binti yake ana miaka kumi na moja na amechukua rangi ya bibi yake yote, haikubaki. Mwaka jana alirudi kutoka shule akaniuliza, "Mamdogo, mimi nikikua nitakuwa mweupe kama mama alivyokuwa kwenye picha ya harusi?" Dada alikuwa jikoni, anasikia. Nikamwambia mama yake hakuzaliwa vile. Akasema anajua, ndiyo maana anauliza. Nilitafuta jibu, mimi mwenye shahada ya uandishi wa habari, na kabla sijalipata dada akatoka na mikono yenye unga. Akakaa chini mbele ya mtoto, akamwonyesha vifundo vya vidole kimoja kimoja, na mabaka ya mashavuni, akimwambia kila kimoja kilianza lini. Hakulia. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayesoma bili. Mtoto akagusa shavu lake akauliza kama linauma. Akasema kukiwa na jua, ndiyo.

Desemba tulipiga picha, sisi watatu na mama, mlangoni, jua la saa kumi. Nilizima kile kitufe. Dada amesimama pembeni, nusu ya uso wake iko kivulini, na mtoto amemshika mkono ule wenye vifundo. Ameniomba nisiitume kwenye kundi la ukoo. Sijaituma.